Kilichotokea pale ziwani: kuhusu diski ya Frankenstein ya mwaka 1931

Swali: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu aliyeko London amenitumia DVD ya Frankenstein, ile ya zamani ya mwaka 1931. Nyuma ya kasha imeandikwa dakika 68, lakini kila ninaposoma naona filamu ni dakika 71. Baba aliitazama kwa kaseti ya video Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye anashikilia kwamba yule mtoto wa kike hatupwi majini. Anasema zimwi linanyoosha mikono tu, kisha unamwona baba wa mtoto amebeba maiti. Kaka anasema anatupwa, ameona kwa macho yake. Nani mkweli? Nimetumiwa kopi iliyokatwa? Je, nitafute Blu-ray au 4K? Deki yangu wakati mwingine hukataa diski za nje, na nina binti wa miaka kumi anayetaka tuitazame pamoja. Msomaji, Tanga.

Marahaba, mwanangu. Baba yako hakusema uongo, na kaka yako hakusema uongo. Waliitazama filamu moja, ila kila mmoja aliletewa kopi yake. Na diski uliyonayo, kwa maelezo uliyonipa, naamini imekamilika. Zile dakika tatu unazozitafuta hazikukatwa, zimekimbizwa tu.

Tuanze na hilo la dakika, maana ndilo linalowatia watu wengi hofu bure. Filamu ya sinema hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Runinga za Ulaya, na za kwetu Afrika Mashariki pia, zilijengwa kufuata umeme wa mizunguko 50, kwa hiyo zinaonyesha picha 25 kila sekunde. Fundi anayehamisha filamu kwenda kwenye DVD ya Uingereza anabaki na picha moja pungufu kila sekunde. Njia rahisi waliyoizoea ni kuendesha filamu nzima kwa kasi kidogo, 25 badala ya 24. Chukua dakika 71, zidisha kwa 24, gawa kwa 25. Unapata dakika 68 na sekunde chache, na hakuna picha hata moja iliyopotea. Marekani umeme wao ni mizunguko 60, nao huziba pengo kwa kurudia baadhi ya picha, ndiyo maana huko urefu hubaki ule ule wa sinema. Hizo 71 unazozisoma zinatoka huko.

Athari yake ni kwamba sauti nayo hupanda kwa asilimia 4 hivi. Colin Clive, aliyecheza mwanasayansi Henry Frankenstein, tayari alikuwa na sauti ya mtu ambaye mishipa yake imekazwa kama nyuzi za gambusi, na DVD ya Ulaya humkaza zaidi. Hutalitambua mpaka uweke diski mbili ubavu kwa ubavu. Blu-ray haina tatizo hilo, kwa sababu inaweza kubeba zile picha 24 kama zilivyo.

Hata hivyo, usiutegemee urefu peke yake kuamua kama kopi ni kamili. Vipande vilivyowahi kuondolewa kwenye filamu hii, ukiviunganisha vyote, ni vifupi mno kuonekana kwenye hesabu ya dakika nyuma ya kasha. Inabidi uvitafute kwa macho na masikio, na ili ujue pa kutafuta ni vizuri ujue vilitokaje.

James Whale aliiongoza filamu hii kwa kampuni ya Universal, ikatoka Novemba 1931. Wakati huo Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili kwenye karatasi, lakini usimamizi ulikuwa legelege. Bodi za baadhi ya majimbo ya Marekani zilikata hapa na pale kwenye kopi zao, lakini filamu yenyewe ilikuwa nzima. Mambo yalibadilika mwaka 1934, kanuni zilipoanza kusimamiwa kwa mkono wa chuma chini ya Joseph Breen. Tangu hapo studio iliyotaka kurudisha filamu ya zamani kwenye majumba ya sinema ilipaswa kwanza kupata idhini ya ofisi yake. Universal walipotaka kuirudisha Frankenstein mwishoni mwa miaka ya 1930, waliambiwa watoe sehemu kadhaa. Wakazitoa. Kibaya zaidi, mkasi haukuishia kwenye kopi za maonyesho, ulipita kwenye negativu yenyewe, yaani ule mkanda mama ambao kopi zote huzaliwa kwake. Toka siku hiyo kila kopi mpya ilizaliwa na ulemavu ule ule.

Mwaka 1957 filamu za kutisha za Universal ziliuzwa kwa vituo vya runinga Marekani kwa mkupuo, na kizazi kizima kikaijua Frankenstein kwa kopi hiyo pungufu. Kaseti za video za mwanzo nazo zilitoka kwenye chungu hicho hicho. Kwa hiyo baba yako, akiwa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuwa na namna ya kuona kilichotokea pale ziwani. Kipande cha mtoto kilipatikana baadaye katika muongo huo, kwenye hifadhi ya taifa ya filamu ya Uingereza, kikarudishwa mahali pake. Matoleo ya video yaliyofuata yakawa nacho. Kaka yako ni wa zama hizo.

Sasa nikueleze tukio lenyewe, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike jibu refu namna hii.

Kiumbe aliyeumbwa na Henry, yule baba yako anayemwita zimwi, ametoroka mnara. Anafika kando ya ziwa na kumkuta mtoto, Maria, anacheza peke yake. Mtoto hamwogopi. Anamshika mkono, anampa maua, anamwonyesha mchezo wake: unatupa ua majini, linaelea kama mashua. Kiumbe anacheka. Ni mara ya kwanza tunamwona akifurahi tangu aumbwe. Anatupa maua yake moja moja mpaka yanakwisha, anaitazama mikono mitupu, kisha anamtazama mtoto. Katika akili yake changa, kitu kizuri ukikitupa majini kinaelea. Anamnyanyua Maria na kumtupa. Mtoto haelei. Kiumbe anahangaika pale ukingoni, anatapatapa, halafu anakimbia akijikwaa vichakani, ametishika kuliko sisi watazamaji.

Mkasi wa wadhibiti ulipita pale anaponyoosha mikono kumwelekea mtoto. Baada ya hapo, kama alivyoona baba yako, unakutana na mzazi anatembea katikati ya kijiji kilichokuwa kwenye sherehe ya harusi, amebeba mwili uliolegea, soksi moja imeshuka. Ni nini kilichotokea katikati? Mtazamaji anaachiwa ajaze mwenyewe, na mtu mzima akiachiwa pengo kama hilo halijazi kwa maua. Analijaza kwa jambo chafu kuliko lolote ambalo Whale aliwahi kulifikiria. Kwa jina la kuwalinda watu, wadhibiti walimgeuza kiumbe asiyejua kitu kuwa mbakaji kwenye mawazo ya watazamaji kwa karibu miaka 50. Boris Karloff mwenyewe, aliyemwigiza kiumbe, hakulipenda tukio hilo na alieleza hivyo. Alitaka mtoto awekwe majini taratibu, asirushwe. Nalielewa pingamizi lake. Lakini kati ya kurushwa tukakuona na kufichwa tukakudhania, sina shaka ni lipi lililomtendea haki kiumbe wake.

Mambo mengine matatu yaliguswa, na unaweza kuyatumia kuipima diski yako jioni moja tu. La kwanza linakuja kabla nusu saa haijafika. Mkono wa kiumbe unacheza, Henry anapiga kelele kwamba kinaishi, wenzake wanamshika, naye anasema kwamba kwa jina la Mungu, sasa anajua mtu anajisikiaje akiwa Mungu. Kwenye kopi za zamani maneno hayo yalifunikwa kwa ngurumo ya radi, ukaona mdomo wa Clive unakwenda bila kusikia kitu. Kuyarudisha kulikuwa kazi ngumu kuliko kurudisha picha, kwa sababu sauti safi ilikuja kupatikana kwenye sahani ya santuri, zile za mfumo wa Vitaphone zilizotumika enzi za mwanzo za sauti, ikabidi ishonwe kwa kompyuta ili mshono usisikike. La pili ni Fritz, yule msaidizi mwenye kibyongo anayechezwa na Dwight Frye, akimtesa kiumbe kwa mwenge wa moto. Kopi iliyokatwa hulipitia haraka, nawe ukabaki unajiuliza mbona kiumbe anamchukia Fritz kiasi hicho. La tatu ni sindano ya Dakta Waldman, aliyekuwa mwalimu wa Henry, picha ya karibu kabisa ikiingia mwilini.

Ukiyapata hayo matatu na ziwa, diski yako ni nzima. Kwa kuwa ni DVD halali ya Uingereza nina imani utayapata. Kama kwenye DVD picha itabadilika kidogo pale ziwani, ikawa na mikwaruzo au weusi tofauti, usilaumu deki. Kipande kilichotoka kwenye mkanda mwingine hakiwezi kufanana kabisa na ndugu zake.

Kuhusu kununua toleo jingine. DVD ya kwanza Marekani ilitoka 1999, Blu-ray ikaja 2012 ndani ya sanduku la filamu nane za Universal, na 4K ikaja 2021 pamoja na Dracula, The Invisible Man na The Wolf Man. DVD ya Ulaya ina mistari 576 ya picha, Blu-ray 1080, 4K ina 2160. Namba hizi zinavutia macho ya wauzaji, lakini uamuzi ufuate ukubwa wa runinga yako na mashine uliyonayo. Kwa runinga ndogo ya sebuleni, DVD inakutosha kwa usiku huo wa kwanza na binti yako. Kama runinga ni ya inchi 40 kwenda juu, Blu-ray ndiyo ningekushauri bila kusita. Ilitengenezwa kwa usafishaji mkubwa wa picha na sauti, na ndiyo iliyonifanya nione filamu niliyodhani naijua. 4K inaongeza weusi ulio mzito zaidi na radi za maabara zenye mwanga mkali, lakini si hatua kubwa kama ile ya kutoka DVD kwenda Blu-ray. Inunue tu kama mashine na runinga ya 4K tayari unazo.

Kumbuka deki ya DVD haisomi Blu-ray kabisa, hata ukiilazimisha. Na hilo la kukataa diski za nje chanzo chake ni mgao wa maeneo. Watengenezaji waliigawa dunia: kwa DVD, Uingereza iko eneo la 2 pamoja na nchi za Ghuba, sisi Tanzania na Kenya tuko eneo la 5, Marekani eneo la 1. Deki iliyofungwa kwenye 5 itaikataa diski yenye alama ya 2 peke yake. Tazama nyuma ya kasha, kuna picha ndogo ya tufe la dunia lenye namba ndani. Deki nyingi zinaweza kufunguliwa zisome maeneo yote kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, na fundi wa mtaani anayejua kazi yake atakufanyia kwa dakika chache. Kwenye Blu-ray mambo ni mepesi, sisi na Uingereza tuko kundi moja, B. 4K haina mgao wa maeneo. Kwa hiyo kaka yako akikununulia Blu-ray London, itacheza kwenye mashine iliyonunuliwa Dar es Salaam.

Ukishaiweka, kitu cha kwanza utakachokiona ni mistari mipana myeusi kushoto na kulia. Usiitoe. Filamu za wakati ule zilikuwa karibu mraba, na runinga zetu ni pana. Ukibonyeza kitufe cha kujaza skrini, runinga itakata juu na chini, na cha kwanza kuondoka ni kile kichwa bapa ambacho Jack Pierce, fundi wa vipodozi vya uso, alikuwa akikijenga kwa saa kama nne kila siku Karloff akiwa kitini. Zima pia ule mpangilio wa runinga unaolainisha mwendo wa picha. Unaifanya filamu ya 1931 ionekane kama tamthilia ya jana.

Utaona pia chembechembe ndogo zinazocheza juu ya picha nzima, hasa kwenye anga na kuta. Watu wengi huniuliza kama ni uchafu. Hapana, hizo ni chembe za filamu yenyewe, ndimo picha ilimohifadhiwa. Kuna wasafishaji wanaozifuta kwa kompyuta, na zikifutwa ngozi ya watu huwa kama nta ya mshumaa. Kwa uso wa Karloff hiyo ni hasara kubwa. Pierce alimpaka rangi ya kijivu yenye ukijani, kwa sababu kwenye filamu nyeusi na nyeupe ilitoka kama weupe wa maiti. Kope alizilemeza kwa nta. Shavu moja limebonyea kwa sababu Karloff alitoa meno yake ya bandia upande huo. Diski nzuri inakuonyesha hayo yote, na inakuonyesha kwamba vile vyuma shingoni ni vya kuingizia umeme, ingawa wengi hudhani ni skrubu. Inakuonyesha na aibu pia: kwenye matukio ya makaburini na milimani, lile anga la mawingu lina mikunjo. Ni pazia lililochorwa studioni. Kopi mbovu zilificha mikunjo hiyo kwa miaka mingi.

Ongeza sauti kidogo kuliko kawaida. Ukitoa muziki wa mwanzo na mwisho na ule wa sherehe kijijini, filamu hii haina muziki wa kukusukuma uogope. Kuna ukimya, mlio wa mashine za umeme za maabara alizozitengeneza Kenneth Strickfaden, mvua, na nyayo. Tukio ambalo kiumbe anaingia kwa mara ya kwanza, kinyumenyume, halafu anageuka taratibu na kamera kumsogelea uso kwa hatua, linapita bila ala yoyote. Kama diski imechujwa mno ili kuondoa mvumo wa zamani, hata nyayo zinakufa.

Tahadhari moja. Chini ya sheria ya Marekani, filamu ya mwaka 1931 inalindwa kwa miaka 95, yaani haki yake huko inakwisha mwisho wa mwaka 2026. Kuanzia hapo mtu yeyote ataweza kuitoa kwa diski au mtandaoni, na wengi watachukua kopi yoyote iliyo karibu, hata ile iliyokatwa, na kuibandikia kasha zuri. Ndipo vile vipimo vinne nilivyokupa vitakapokufaa.

Na binti yako. Mimi ningemwonyesha, lakini nzima, na mama akiwa pembeni. Nimeona watoto wakiogopa zaidi wanapoachiwa pengo kuliko wanapoonyeshwa kosa na majuto yake. Usiruke ule mwanzo ambapo mwigizaji Edward Van Sloan anatokea mbele ya pazia kutuonya kwamba filamu inaweza kutushtua. Watoto hupenda kuonywa, huwapa nafasi ya kujiandaa. Mweleze mapema kwamba Frankenstein ni jina la mwanasayansi, na kwamba kiumbe hakupewa jina. Kwenye orodha ya wachezaji mwanzoni, nafasi ya anayemwigiza ina alama ya kuuliza tu. Mfikapo ziwani, msimamishe kabla maua hayajaisha umuulize anadhani kiumbe anafikiri nini. Jibu lake litakuambia kama mwendelee usiku huo au mngoje mwaka mwingine.

Mkiendelea, na akakuuliza kama yule mtoto alikufa kweli, mwambie alitoka majini salama. Jina lake Marilyn Harris, na ziwa ni Malibou, California. Picha ya kwanza Whale hakuridhika nayo, akamwomba arushwe tena, akamwahidi chochote atakachotaka. Mtoto aliomba mayai ya kuchemsha dazeni moja. Whale akampa dazeni mbili.